Ridhaa ya Mwenye Haja

Usiku mmoja wa mwisho wa Machi, baada ya sala ya isha, wakati ambapo kaskazi imekwisha kuchoka na kusi haijaamua kuvuma, tulikuwa tumeketi barazani katika mtaa mmoja wa Malindi, watu sita au saba, tukingoja kahawa, ndipo kijana mmoja afanyaye kazi ya vyumba katika hoteli iliyo baina ya mji na Watamu, ambaye mchana wake wote alikuwa ameupitisha akibadili mashuka na kuzikunja taulo kwa sura ya bata ili mgeni azikute kitandani zimeketi kama ndege wawili, akamgeukia Maalim aliyekuwa ameegemea ukuta, akamwuliza swali ambalo tangu siku ile halijanitoka moyoni.

"Maalim," alisema, "huu ni mwaka wa tisa natia sahihi karatasi ya msimu. Kila mwezi wa saba naitwa, naonyeshwa mahali pa kutia jina, natia, naingia kazini. Mwezi wa nne masika ikianza naambiwa niende kwetu hadi nitakapoitwa tena. Sasa tumeingia chama, tumepata wingi, tajiri amekitambua chama, na mara nne tumekaa naye mezani kuutafuta mkataba wetu wa kwanza. Naye kila mara jawabu lake ni moja: nyinyi mlikubali wenyewe, sahihi zenu ninazo. Nataka kujua, Maalim. Sahihi zile ni ridhaa?"

Maalim alimtazama kitambo. "Ulisomewa?"

"Sikusomewa."

"Na lau ungalikataa, ungalikwenda wapi?"

"Ningalirudi kwetu Ganda, Maalim, nikaingoja mvua pamoja na mihogo."

Kahawa ikaletwa, vikombe vikazunguka, na Maalim akasema tu kwamba swali lile si la kujibiwa kabla ya kikombe cha pili. Lakini cha pili kilinywewa na cha tatu, watu wakaagana, na jibu halikutoka. Nami nikaenda nalo nyumbani.

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo la mawakili na maafisa wa kazi, na kwamba mwenye kuandika juu ya dini na hekima hana sababu ya kujitia katika habari za mishahara, posho za nyumba na siku za likizo. Mimi naona kinyume chake, kwa kuwa katika mambo yote ambayo binadamu huyafanya kwa kukubaliana na mwenziwe, kama vile ndoa, mauzo, amana na ushirika, hakuna hata moja alifanyalo mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko kuuza nguvu zake, na ikiwa hatujui kukubali maana yake ni nini hapo ambapo maelfu ya watu hukubali kila kukicha, basi sioni ni wapi pengine tutakapolijua.

Waislamu wa mwambao huu, walio wengi, hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na katika madhehebu hayo ijara, yaani kukodi kitu au kuajiri mtu, huhesabiwa kuwa ni namna ya mauzo, ila kinachouzwa hapa si kitu bali ni manufaa ya kitu au ya mkono kwa muda uliotajwa. Kwa hiyo ijara hutakiwa masharti ya mauzo: patoke tamko la anayetoa na tamko la anayepokea, ujira ujulikane, kazi ijulikane ama muda wake ujulikane, na pande zote mbili ziwe zimeridhia. Ujinga wa jambo lililo shina la mapatano huyatia ila, na nguvu huyabatilisha kabisa. Mtu aliyewekewa upanga shingoni akasema "nimeuza" hakuuza kitu, hata kama maneno yake yalisikiwa na mashahidi kumi. Mpaka hapo mambo ni mepesi. Uzito waanza pale tunapouondoa upanga na kuiweka njaa mahali pake, kwani upanga hushikwa na mkono wa mtu tunayeweza kumtaja jina, bali njaa ya Ganda wakati wa masika haikuletwa na mwenye hoteli, naye aweza kuapa, tena akawa mkweli katika kiapo chake, kwamba hakumlazimisha mtu yeyote kutia sahihi.

Wanazuoni wa zamani waliliona shimo hili na hawakulifunika. Iko riwaya, ambayo wenye ilimu ya hadithi wameisema kuwa isnadi yake ni dhaifu, yenye kukataza mauzo ya mtu aliyefikwa na dharura, na al-Khattabi, aliyeishi katika karne ya 4 ya Hijra, alipoifafanua aliigawa dharura mafungu mawili: mauzo ya aliyeshurutishwa kwa nguvu hayasihi, na mauzo ya aliyebanwa na deni au dhiki yasihi katika hukumu, lakini dini na muruwa vyataka mtu huyo asaidiwe, akopeshwe au angojwe, wala mali yake isinunuliwe kwa bei ya kumpunja kwa ajili ya dhiki yake. Mimi hulirudia neno hili mara kwa mara, kwa kuwa laonyesha mahakama mbili ndani ya jambo moja, ya kwanza ni ya kadhi, ambaye ataitazama sahihi na kusema imesihi, na ya pili ni ile ambayo mtu huhudhuria peke yake usiku, ambako kusihi kwa sahihi si mwisho wa kesi.

Basi nikipima kwa mizani hiyo, nasema, ijapokuwa yaniuma kusema, kwamba sahihi tisa za kijana yule zilisihi. Alifanya kazi, akalipwa alichoandikiwa, na hayo yamepita. Lakini sahihi iliyosihi huwa hoja ya kuyalipa yaliyopita na haiwi kamwe hoja ya kuyafunga yajayo, na tajiri anayeichukua karatasi iliyotiwa jina na mtu asiyekuwa na pengine pa kwenda, akaileta mezani kuwa ndiyo ushahidi wa moyo wa mtu yule, anadai kutoka katika karatasi kitu ambacho hakikuwamo hata siku moja. Ndani yake mlikuwa na haja, na haja hutia sahihi upesi kuliko ridhaa.

Jirani yetu mmoja wa Kigiriama, mwalimu wa kanisa, niliyemweleza habari hii siku ya pili yake, alinikumbusha mfano ulio katika Injili ya Mathayo, wa mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua, akapatana na wa kwanza dinari moja kwa siku, kisha akawachukua wengine saa ya tatu, na ya sita, na ya tisa, na ya kumi na moja, na jioni akawalipa wote sawasawa, na wale wa alfajiri waliponung'unika akawauliza kama hawakupatana naye. Mfano huo wafundishwa kuwa ni habari ya ukarimu wa Mungu, nami sina la kubishana na walio na kitabu chao. Ila jirani yangu alinionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona: wale wa saa ya kumi na moja walipoulizwa kwa nini wamesimama bure mchana kutwa, walijibu kwamba hapana mtu aliyewaajiri, na wakaenda shambani bila ya kutaja ujira wala kuuliza. Katika mfano ule wamemwangukia bwana mwema. Jirani yangu, ambaye babake alifanya kibarua cha mkonge upande wa Vipingo, aliuliza: je, lau bwana yule hakuwa mwema? Watu wale wangalipokea nini, na ni nani angalisema kwamba hawakukubali?

Swali hilo ndilo linalonifikisha katika sheria, kwani sheria ni kile ambacho watu hukitengeneza wakiwa hawana hakika kwamba bwana atakuwa mwema.

Katika nchi ya Marekani wafanyakazi wanaotaka chama hupiga kura ya siri, na sheria yao iliyotungwa mwaka 1935 na kurekebishwa mwaka 1947 yamtaka mwajiri baada ya kura akae mezani kwa nia njema, lakini hiyo hiyo yasema wazi kwamba wajibu huo haumlazimishi yeyote kukubali pendekezo la mwenziwe, na matokeo yake ni kwamba wafanyakazi wa mkahawa mmoja wa Starbucks mjini Buffalo, ambao kura yao ya Desemba 2021 ilitangazwa dunia nzima, walitimiza miaka 3 bila ya kuuona mkataba. Kwetu Kenya hapana kura. Kila mtu hutia sahihi yake katika fomu ya kuridhia makato ya ada ya chama, nayo hupelekwa kwa mwajiri, ambaye hupewa siku 30 aanze kukata. Na chama kikishapata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuingia chamani, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 54, yamlazimu akitambue. Kisha kifungu cha 57 chaenda hatua ambayo Wamarekani hawakwenda: chasema kwamba mwajiri aliyekitambua chama atafunga nacho mkataba wa pamoja. Tena chasema kwamba kwa ajili ya mazungumzo hayo atakifunulia chama habari zote zinazohusika. Mkataba ukifungwa hupelekwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ndani ya siku 14, ukasajiliwe, na kabla ya kusajiliwa hauwezi kutekelezwa kwa nguvu ya sheria. Wakishindwana, kuna mpatanishi wa Wizara. Akishindwa mpatanishi, iko mahakama, na uko mgomo baada ya ilani ya siku 7, nao ni haki iliyotajwa katika kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010.

Mtu aliyeketi mbali akiisoma orodha hii aweza kudhani kwamba kazi imekwisha. Lakini tazama ni kitu gani hasa sheria imekilazimisha. Imemlazimisha mwajiri kuketi, kufunua daftari, kufika kwa mpatanishi. Mwisho kabisa mahakama yaweza kumwandikia masharti. Haikuweza kumlazimisha kuridhia, kwa sababu kitu hicho hakilazimiki, kama vile sala haisaliwi kwa fimbo. Ukiletwa mkataba uliokatwa na jaji, wafanyakazi watapata nyongeza, nami nitawafurahia, lakini watakuwa wamepewa. Hawatakuwa wamekubaliana.

Tofauti baina ya kupewa na kukubaliana pwani hii imeionja kwa uchungu, na si mara moja. Utumwa ulipofutwa katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, baada ya mashamba ya Malindi kulimwa mtama na ufuta na watumwa tangu miaka ya 1860, fidia ililipwa kwa mabwana kwa ajili ya mali iliyowatoka, na yule aliyelima hakulipwa chochote. Alipewa uhuru kwa amri, na hapakuwa na mtu aliyemwita mezani kumwuliza ataishi katika ardhi gani na kwa masharti gani, ndiyo maana wajukuu wake wengi wangali wakiitwa maskwota katika udongo waliozaliwa. Miaka sita baadaye Serikali ya Waingereza iliwataka Wagiriama kodi na vibarua wa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya pwani, na Mekatilili wa Menza, ambaye sanamu yake leo imesimama bustanini hapa Malindi, akawakusanya watu Kaya Fungo, wakala viapo, mukushekushe wa wanawake na fisi wa wanaume, kwamba hapana atakayetii. Yeye na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa na kuhamishiwa magharibi ya nchi, wakatoroka, wakarudi, na mwezi wa Agosti 1914 Kaya ikavunjwa kwa baruti.

Nimekitaja kiapo kile kwa sababu nadhani kina siri ya jambo tunalolizungumza. Kiapo kiliwafunga Wagiriama wao kwa wao, na kwa kufungwa kwao wakapata uwezo wa kusema neno moja ambalo mtu mmoja mmoja, mbele ya askari na karani wa kodi, hakuwa na uwezo wa kulisema. Lakini upande wa pili hapakuwa na mtu wa kuketi nao. Kiapo chao kilikuwa nusu ya mapatano, na nusu nyingine ilijibiwa kwa moto. Fomu zile za makato za kijana yule na wenziwe, zilizotiwa sahihi usiku chini ya mwembe nyuma ya nyumba za wafanyakazi, huku mmoja akimulika kwa simu yake, kwangu mimi ni za ukoo mmoja na kiapo kile: ni watu walio hali moja wanafungana. Mkataba wa kwanza ni kitu kingine, kwani huwafunga watu wasio hali moja, na ndiyo sababu baina ya fomu na mkataba kuna bonde ambamo vyama vingi huteremka na visipande tena.

Mombasa mwaka 1947 waliliona bonde hilo. Tarehe 13 Januari watu kama 15,000 waliacha kazi, bandarini, relini, mahotelini na majumbani, wakaunda Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika na Chege Kibachia akawa kiongozi wake, na mji ulisimama kwa muda wa siku kama 12, hata Serikali ikaahidi baraza la kuchunguza, lililoongozwa na Jaji Thacker, nalo likatoa hukumu ya nyongeza. Nyongeza ilikuja kweli. Watu waliila na watoto wao. Kisha mwezi wa Agosti Kibachia akakamatwa na kupelekwa kuishi Baringo, na Shirikisho likanyauka, kwa kuwa hapakuwa na karatasi hata moja ambayo waajiri walikuwa wameitia jina pamoja nalo. Waliopokea hukumu ya jaji walikuwa na senti zaidi mkononi, lakini hawakuwa na mtu aliyefungwa kwao kwa neno lake mwenyewe.

Nirudi mezani. Kijana yule, ambaye wenziwe wamemchagua kuwa mmoja wa wawakilishi watatu, aliniletea rasimu ya mkataba nimsaidie kuifasiri, kwani imeandikwa kwa Kiingereza, naye Kiingereza chake ni cha kumkaribisha mgeni, si cha sheria. Zilikuwa karatasi zilizokunjwa mara nne, zimepata rangi ya chai pembeni, na kila kifungu kilichokubaliwa kilitiwa alama ya kalamu ya risasi. Nilichojifunza usiku ule ni kwamba mkataba wa kwanza haufanani na mingine yote itakayoufuata. Wa pili utauliza ni kiasi gani kiongezwe. Wa kwanza wauliza kuna nini. Je, iko posho ya nyumba? Mtu akiugua, ni siku ngapi? Akiitwa usiku kwa sababu ndege ya wageni imechelewa, saa zile zahesabiwa? Anayetuhumiwa kupoteza shuka, nani atamsikiliza kabla ya kukatwa? Yote hayo kabla yake yalikuwa yakiishi katika mkono wa meneja, mara huku mara kule, na kuyatoa katika mkono wa mtu na kuyaweka katika karatasi ni kazi ambayo hata mwajiri mwenye moyo mzuri huiona kuwa kama kunyang'anywa.

Tukafika kifungu cha 11, cha masika. Katika vifungu vya likizo na ugonjwa rasimu ilitumia neno la wajibu: mwajiri atalipa, mwajiri atatoa. Katika kifungu cha masika neno likabadilika. Mwajiri aweza, kwa kadiri ya hali, kumpa mfanyakazi wa msimu posho ya kungojea, na aweza kumpa nafasi ya kwanza hoteli itakapofunguliwa. Nikamfasiria polepole, kisha nikarudia. Akaweka kidole juu ya neno lile akakiacha pale.

"Kwa hiyo hapa hajaahidi kitu," alisema.

"Hajaahidi."

Ni neno fupi kabisa katika lugha ile, herufi tatu, na juu yake yamesimama maisha ya miezi mitatu ya kila mwaka ya watu walio zaidi ya nusu ya hoteli. Wenye fikihi walikuwa na haki kuusumbukia ujira usiojulikana. Mtu aliyeahidiwa "huenda" hakuahidiwa kidogo, hakuahidiwa.

Tena liko jingine ambalo haliandikwi katika rasimu yoyote, nalo ni wakati. Kikao cha kwanza kilikuwa Novemba. Cha pili kiliahirishwa kwa sababu ya wageni wa Krismasi. Cha tatu mhasibu hakuwako. Cha nne ilisemwa kwamba daftari litaletwa. Kila ahirisho lilikuwa na udhuru wake, na udhuru mmoja mmoja ukiutazama hauna ubaya. Lakini wote wapajua mahali njia hii inapokwenda: Aprili yaja, hoteli yafungwa, waliotia sahihi fomu watawanyika Ganda, Gede, Kakoneni na Magarini, na mwezi wa saba wakiitwa watu wapya badala yao, ule wingi ulio msingi wa kila kitu utakuwa umeyeyuka bila ya mtu kuuvunja. Mtume (s.a.w.) alikuita kuchelewesha kwa mwenye uwezo kuwa ni dhulma. Neno lile lilisemwa juu ya deni, na nimejiuliza kama yafaa kulitumia hapa, ambapo bado hapana deni lililothibiti. Nami naona yafaa, kwa kuwa mwajiri aliyekitambua chama amekwisha kuwa na deni moja, nalo ni deni la jibu. Aweza kusema ndiyo, aweza kusema siyo na kutoa sababu, na kila moja katika hayo ni malipo. Kutosema ndiko kudhulumu.

Wala sipendi kumdhulumu mwenye hoteli. Nimewaona matajiri wa mji huu, Waafrika na Waitaliano, wakiketi katika ukumbi mtupu baada ya machafuko ya mwanzo wa 2008, na tena katika miaka ile ya utekaji nyara wa Lamu na maonyo ya safari, na tena mwaka 2020 ambapo hata ndege hazikuwako angani, wakilipa mlinzi na mtunza bustani kwa fedha za kukopa. Mtu wa namna hiyo akisema kwamba haogopi mshahara bali aogopa kuahidi, namwelewa. Na haki yataka tuulize kwa upande wake swali lile lile tuliloliuliza kwa upande wa kijana: ikiwa sheria imemlazimisha kuketi, ndiyo yake itakuwa ridhaa? Nadhani itakuwa, iwapo tutatenganisha kulazimishwa kusikiliza na kulazimishwa kutoa. Kadhi akimwita mtu barazani hakumbatilishia hiari yake. Amemnyima tu njia ya kujificha. Na lile agizo la kufunua habari, ambalo waajiri wengi hulichukia kuliko yote, ndilo linalomfaa mwenye hoteli mkweli, kwa maana siku atakapoliweka daftari mezani na vyumba vitupu vya Mei vikaonekana kwa tarakimu, hapo wafanyakazi nao watalazimika kudai kwa kadiri ya ukweli walioujua, na pande mbili zitakuwa zimetoka katika ujinga kwa pamoja.

Liko jambo moja la upande wa chama ambalo sitalinyamazia. Mwakilishi ni wakili, na wakili katika sheria ya dini hatendi zaidi ya alivyowakilishwa. Nimesikia, na si katika hoteli hii, habari za viongozi waliokwenda mezani na madai kumi wakarudi na manne, na wenzao wakaona mkataba kwa mara ya kwanza ukiwa umekwisha kusajiliwa. Watu wale walitoka katika karatasi ya tajiri wasiyosomewa wakaingia katika karatasi ya chama wasiyosomewa. Na kwa kuwa sheria huruhusu hata asiye mwanachama, maadamu mkataba unamhusu, akatwe ada kwa manufaa ayapatayo, wakili amebeba na shingo za watu ambao hawakumtuma kabisa. Kwa hiyo nilimwomba kijana yule, kabla ya kurudi mezani, awasomee wenziwe rasimu yote kwa Kiswahili, na aliye Mgiriama asiyeshika Kiswahili cha vitabu afasiriwe kwa Kigiriama. Walisomewa usiku mbili, katika uwanja wa nyuma wa nyumba ya mmoja wao. Usiku wa pili walichelewa sana kwa sababu mama mmoja wa jikoni, wa miaka mingi kazini, alitaka kifungu cha ugonjwa kirudiwe mara tatu, kisha akauliza kama uzazi ni ugonjwa, na hapana aliyekuwa na jibu, ikabidi kipengele kiongezwe.

Kikao cha tano kilikuwa katikati ya Aprili. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha alfajiri, na katika baraza letu jioni ile mikeka ilikuwa ingali na unyevu. Kijana alikuja akiwa amevaa shati la kazi, maana siku hiyo walikuwa wakifunga vyumba vya ghorofa ya juu, magodoro yakisimamishwa ukutani na mashuka yakitiwa masandukuni. Alisalimu, akaketi, akangoja Maalim amalize kuzungumza na mtu aliyekuwa akimwuliza habari za mirathi.

"Mmefika wapi?" Maalim akamwuliza.

"Kumi vya kwanza tumevipitisha, na kipengele cha uzazi kimeingia. Tulipofika cha masika, meneja akasema twende mbele, hiki hakina neno. Mkuu wetu wa chama akanitazama."

"Ukasemaje?"

"Nikasema la, Maalim. Nikasema neno lile libadilishwe, au kiandikwe kwamba hatujakubali."

Maalim alikizungusha kikombe chake mkononi. "Na ulipokwisha kusema la," aliuliza, "ulikwenda wapi?"

"Sikwenda. Nilibaki pale pale kitini. Wameandika katika kumbukumbu kwamba kifungu cha 11 hakijakubaliwa, na kwamba tutaendelea Jumanne."